Vita vya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Bosi amemshinda jogoo kwa kuamka. Ana miezi minane, hana jino hata moja, na nyumba nzima inamtumikia. Ndiyo maana ya jina.

Asubuhi nimejigonga goti tena kwenye kitanda chake. Kimebanwa kati ya kitanda chetu na cherehani yangu, na ili nitoke chumbani inabidi nipite juu ya miguu ya mume wangu kama mwizi anayeruka ukuta. Mume wangu hasikii kitu. Gogo lina usingizi mwepesi kuliko wake.

Na chumba cha nyuma tunacho. Kina dirisha, kina upepo, kina mlango unaofungika. Ila kimekaliwa na jeshi. Kofia za chuma, chupa za maji za askari, maganda matupu ya mizinga, masanduku ya mbao yaliyobeba risasi, dira zilizosahau kaskazini iko wapi, buti moja la mguu wa kushoto. Mume wangu anapima vyuma chakavu kwenye mizani ya yadi, na chochote kinachonukia vita kinaishia kwetu. Pale yadi wanamwita Jenerali. Anaitika.

Leo nimeamua. Kabla Bosi hajaanza kutambaa, chumba kile kitakuwa chake. Nimeanza kwa amani. Nimemwambia Jenerali kwamba mtoto anahitaji nafasi. Akasema mtoto bado mdogo, nafasi hajui ni nini. Nikasema hata kofia hazijui. Akasema zile kofia zimeona mengi, zinastahili heshima.

Mimi pia nimeona mengi. Sijapewa chumba.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nimechukua kofia yake ya chuma anayoipenda kuliko zote, nikaijaza maji, nikaloweka nepi za Bosi. Zile mbaya. Nikaiweka mlangoni ili aikute akirudi kazini. Nilitegemea aone aibu, achukue vitu vyake aondoke navyo.

Amesimama akaitazama kwa muda. Machozi yakamlengalenga. Akasema hatimaye binti wa Jenerali ameingia jeshini. Akapiga picha, akawatumia wenzake wa yadi. Jioni ameniletea kofia ya pili, ya nepi safi.

Wifi alipita kidogo. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ana saluni, amelea watoto wanne na kwa maelezo yake hakuna aliyewahi kulia. Akanitazama akauliza naumwa nini. Nikasema ni usingizi tu, wifi. Akasema enzi zao usingizi haukuwepo.

Kisha jicho lake likatua kwenye saa yangu.

Saa hii lazima niieleze. Katika jeshi lote lile, ndiyo pekee ninayoipenda. Ilitoka kwenye ndege ya kivita ya zamani, mbele ya rubani. Uso mweusi, tarakimu nene za kijani iliyochakaa. Haitembei. Jenerali alinipa siku niliyotoka hospitali na Bosi, akasema sasa na wewe utakuwa na muda wako. Hakuna mwingine aliyewahi kunipa muda, basi nikaiweka kwenye meza ya cherehani. Kioo kilianguka zamani. Ninazipangusa tarakimu kwa kitambaa chenye maji, na kila nikipangusa kinatoka kivumbi kidogo cha kijani. Wanasema hapo kale ilikuwa ikiwaka gizani. Siku hizi haiwaki. Imestaafu.

Wifi akasema ingependeza saluni kwake. Nikasema nitafikiria. Akasema cha kufikiria kiko wapi, saa yenyewe haitembei. Nikasema hata mimi sitembei siku hizi na hakuna aliyenipeleka saluni.

Amenuna. Atarudi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Kuna mwalimu ninayemshonea sare za wanafunzi. Alisema watoto wanaandaa mchezo wa kuigiza kuhusu vita. Nikamwambia Jenerali, kwa sauti ya asali, kwamba vitu vyake vingewasaidia watoto kujifunza. Akakubali papo hapo. Nilishtuka. Tukapakia mkokoteni pamoja, nikamsukumia mpaka kona, nikarudi nikafagia kile chumba. Nikasimama katikati nikiwa na Bosi mgongoni. Upepo ukapita. Nikamwonyesha kitanda chake kitakapokaa.

Alasiri mkokoteni umerudi. Umejaa kuliko ulivyoondoka. Wanafunzi wamefurahi sana, mwalimu amefurahi sana, na kwa shukrani wamempa Jenerali bunduki zote za mbao walizochonga wenyewe. Na kifaru. Kifaru cha maboksi, kimepakwa rangi, kina mzinga wa bomba la plastiki. Akasema hakuweza kukataa, watoto wangeumia.

Mlango wa chumba cha nyuma haufungiki tena.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa nashona huku redio ikiongea peke yake. Wakaja hewani watu wa ofisi ya usalama wa mionzi. Wakasema wanaookota vitu vya zamani vya jeshi wawe waangalifu. Si mabomu tu yanayodhuru. Vingine vina mionzi, hasa vilivyotoka kwenye ndege na magari ya kivita, na mionzi haionekani wala hainuki, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Wakatoa namba ya simu.

Mguu ukasimama kwenye pedali. Si kwa hofu. Kwa furaha.

Nilijua vile ni vyuma tu. Lakini Jenerali anaogopa mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni. Anampigia saluti hata mlinzi wa benki. Akija ofisa mmoja tu, akakunja uso, akasema toa hivi, vitatoka vyote kabla ya chakula cha mchana, na mimi nitakuwa sijasema neno.

Nikapiga. Akapokea mwanamke mwenye sauti iliyochoka kama yangu. Nikamwambia nyumba yetu imejaa vitu vya vita na naona mambo si mazuri. Akauliza nimeona nini. Nilikuwa sijaona kitu, nikasema paka wa jirani amenyonyoka manyoya. Si uongo. Ila amenyonyoka tangu kabla hatujahamia.

Akauliza kama kuna saa au vipimo vyenye tarakimu za kijani au manjano, zilizokuwa zikiwaka gizani. Nikasema huenda vimo. Akasema kama vimo nisivifungue, nisivipanguse, nisivikwaruze. Nifunge kwenye mfuko wa plastiki, niweke mbali na watu, ninawe mikono kwa sabuni. Akauliza kama nyumbani kuna mtoto mdogo. Nikasema yupo, mdogo kabisa. Nilisema hivyo ili waharakishe.

Wameharakisha. Wanakuja kesho.

Nilipokata simu nikaitazama saa yangu. Nikajiambia huyu mama anasema zinazowaka. Yangu imezimika. Nimepikia mkaa tangu utotoni na sijawahi kuunguzwa na jivu. Lakini ofisa hataki maelezo, akiona saa anabeba saa. Na Wifi ametuma ujumbe kwamba kesho anaifuata. Maadui wawili, saa moja. Nikatafuta mahali ambapo si ofisa, si Wifi, si Jenerali atakayetia mkono.

Nikaizungushia flana, nikaiweka chini ya godoro la Bosi, upande wa miguuni. Mtoto aliyelala hakuna anayemsumbua.

Ni mara ya kwanza tangu nijifungue kujiona nina akili.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika polepole.

Ofisa amekuja asubuhi. Mama mfupi, sauti ile ile ya kwenye simu, viatu vizito, kitambulisho shingoni, na kipimo cha njano chenye mpini, ukubwa wa tofali. Jenerali alikuwa hajaenda kazini. Akafungua mlango, akaona kitambulisho, akapiga saluti. Yule mama hakucheka. Nadhani anakutana na majenerali wengi. Mimi nikajifanya nimeshangaa.

Akaingia chumba cha nyuma na kipimo chake. Kinalia ta, kinanyamaza, ta, kama bati linalodondosha maji baada ya mvua. Akasema huo ni mlio wa kawaida, hata udongo na kuta vina mionzi kidogo. Akapima kofia. Hamna. Chupa. Hamna. Maganda ya mizinga akauliza nani aliyakagua. Jenerali akasema wanajeshi wa mabomu waliyapitia pale yadi kabla hayajatoka. Ofisa akasema vizuri, maana hiyo si kazi yake wala si kazi ya mpima vyuma. Dira moja ililia kidogo, akaitia kwenye mfuko. Buti, hamna. Kifaru, hamna. Jenerali ndiye aliyeomba kifaru kipimwe.

Kila akisema hamna, Jenerali anarefuka. Mimi nafupika. Mwisho yule mama akaniambia, "Mama, chumba hiki hakina neno." Nikatamani nimwombe apime tena.

Hapo Wifi akaingia bila hodi, akauliza saa yake iko wapi. Ofisa akageuka. Akauliza saa ipi. Nikasema imepotea. Wifi akasema imepoteaje na Jumanne ilikuwa pale kwenye cherehani, ya ndege, ina tarakimu za kijani.

Yule mama hakuniuliza tena. Akaenda moja kwa moja chumbani kwetu. Kwenye cherehani kipimo kikabadilika sauti. Ta-ta-ta-ta. Akakishusha mpaka kwenye droo. Akavaa glavu, akatoa kile kitambaa changu cha kupangusia. Akanitazama. Akageuka apite kwenye ile nafasi nyembamba, na alipofika usawa wa kitanda cha mtoto, kipimo kikalia kama mahindi yanayopasuka kwenye mafuta ya moto.

Bosi alikuwa amelala humo. Kifudifudi, makalio juu, kama kawaida yake.

Sikumbuki nilivyofika. Nilishtukia tu ninaye mikononi. Nikasikia mtu anasema iko chini ya godoro, niliiweka mimi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kisha Wifi akasema polepole, kikulacho ki nguoni mwako. Nikajiandaa kumjibu, nikaona ameshika mguu wa Bosi na machozi yanamtiririka.

Ofisa akampima mtoto. Viganja, midomo, nywele, nyayo, kila mkunjo, na Bosi ana mikunjo mingi. Kipimo kikaendelea kudondosha yale matone yake ya bati. Akanipima na mimi. Kwenye kucha ya dole gumba kikachachamaa. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua tena, mpaka kikanyamaza.

Kisha akakaa nasi barazani akaeleza, bila kufoka. Bora angefoka. Zile tarakimu zilipakwa rangi yenye radiamu ili rubani azione gizani. Radiamu inaupiga unga mwingine uliomo ndani ya rangi, na unga ndio unaowaka. Miaka ikienda unga unachoka, unaacha kuwaka. Radiamu haichoki. Itakuwepo hata wajukuu wa wajukuu zetu watakaposahaulika. Kwa hiyo saa kuzimika si saa kupona.

Nikawaza: unga ni mimi, radiamu ni Bosi.

Akasema kioo kikiwa kizima na saa ikikaa mbali na watu, hatari si kubwa. Kioo kikitoka, vumbi linakwenda mkononi, kutoka mkononi linakwenda mdomoni, na likishaingia mwilini linajificha kwenye mifupa kama lina kiwanja chake humo. Akasema usiku mmoja juu ya saa ile si jambo zuri, lakini haumtishi sana. Kinachomtisha ni vumbi. Je, mtoto alishakula mikono yangu? Nikasema anaila kila siku. Ndiyo mlo wake wa saa kumi.

Basi lazima mkojo wake upimwe hospitali kubwa. Ndipo tutajua.

Ameondoka na saa, kitambaa, godoro, flana, na droo nzima pamoja na vifungo vyangu. Chumba chetu amekifunga mpaka waje kukisafisha. Jenerali akauliza tulale wapi. Ofisa akasema hapana haja ya kuhangaika, chumba kisicho na shaka kabisa ni kile cha nyuma.

Jumamosi, 8 Machi

Tumelala na jeshi. Bosi kwenye godoro la kuazima kwa Wifi, sisi kwenye mkeka, kichwa changu chini ya mzinga wa kifaru. Upepo mzuri, siwezi kukataa.

Leo kazi ilikuwa kupata mkojo. Hospitali wametupa mfuko mdogo wa plastiki wenye gundi, unabandikwa mahali husika, kisha mnasubiri. Bosi, anayelowanisha nyumba nzima bila kuombwa, amekauka kama jangwa. Jenerali akapiga mluzi. Wifi akamiminamimina maji kwenye beseni. Mimi ndiye niliyekwenda kukojoa. Mwishowe tukamvua mfuko tukidhani gundi imeachia, na hapo hapo akamkojolea Jenerali shati. Tukaanza upya. Wa pili ulijaa. Jenerali ameupeleka hospitali mwenyewe, ameushika kwa mikono miwili kama kombe.

Hajanilaumu. Hata kidogo. Alisema saa ni yeye aliyeileta, na mkosaji ni aliyeleta. Nikasema mficha ni mimi. Akasema tulale. Kisha akauliza nani hasa aliyewapigia wale watu simu. Nikasema labda jirani. Akasema Mungu ambariki jirani huyo, bila yeye tungeendelea kupangusa.

Nikatoka nje nikakaa na paka. Hakusema kitu. Ana haki.

Jumapili, 9 Machi

Majibu bado. Nimenawa mikono mpaka ngozi inalalamika.

Bosi ametambaa. Kule nyuma, katikati ya masanduku. Alijivuta, akaanguka kidevu, akajivuta tena mpaka kwenye kofia ya chuma, akaigonga kwa kiganja, akacheka ilipolia. Jenerali alikuwa kazini. Nilikuwa peke yangu wa kushangilia, na badala ya kushangilia nimelia.

Ninaandika hapa ili iwepo. Majibu yakiwa mema, mipango basi. Hila basi. Nikitaka kitu nitasema kwa mdomo, na nikikatazwa nitakaa. Mtoto huyu akipona, chumba hata kikikaliwa na nyangumi, mimi sina neno.

Jumatano, 12 Machi

Safi.

Nimelisoma neno lenyewe, nikampa Jenerali alisome, akampa Wifi. Hakuna radiamu kwenye mkojo wa Bosi. Nimekaa chini pale pale kwenye korido ya hospitali, watu wakanizunguka kwa miguu. Wangenipita hata kwa baiskeli nisingeinuka.

Yule mama alipiga jioni. Chumba chetu kimeshasafishwa, kimepimwa, turudi. Cherehani nzima. Vifungo nisahau. Akasema nisijilaumu sana, wengi wanadhani kilichozimika kimekwisha. Akasema kingine kikija cha aina ile tusikiguse, tumwite. Nikashukuru. Kabla ya kukata akauliza, "Na paka anaendeleaje?"

Nikasema hajambo. Akasema haya, mama, lala.

Wifi amemletea Bosi godoro jipya. Hakusema lolote kuhusu enzi zao.

Ijumaa, 14 Machi

Tumerudi chumbani kwetu. Goti limegonga pale pale.

Jenerali amekuwa hakamatiki. Anamwambia kila mtu mkusanyiko wake umepimwa na serikali na kukutwa hauna neno. Jana wamekuja watu wa yadi kuutazama. Mmoja amemwachia propela. Nimemwambia kwa mdomo, kama nilivyoapa, kwamba mtoto sasa anatambaa na kile chumba kinamfaa. Akasema ni kweli kabisa, tulizungumze. Kisha akatoka akarudi na rafu ya chuma ya kupangia kofia.

Basi. Kwa mdomo nimeshajaribu.

Hii ya leo si hila. Ni afya. Nimewapigia watu wa kuua wadudu, nikawaambia masanduku yote ya mbao kule nyuma yanaliwa na wadudu na unga umetapakaa. Hakuna wadudu wowote, nimetunga mwenyewe. Wanakuja kesho. Wamesema mbao zikishaingiliwa wanazitoa zote nje wanazichoma, na dawa wanapiga chumba kizima, kila kitu kitoke. Kikishatoka, hakirudi. Nitasimama mlangoni mimi na kitanda cha Bosi.

Kabla hawajaja nimetoa sanduku moja, lile zuri kuliko yote. Mfuniko wa bawaba, vishikio vya kamba, mbao ngumu ya zamani ya kudumu. Watu wa dawa wasingeelewa, wangelichoma pamoja na mengine, na Bosi hana pa kuwekea nguo. Upande mmoja lina vitundu vidogo vidogo, duara kabisa, vingi. Askari ni watu wa akili, walifikiria mpaka hewa. Lilikuwa na kivumbi laini chini yake, kama unga wa sembe. Nimekipangusa kwa kitambaa.

Nimekunja nguo zake zote nikazipanga humo, sweta juu, na sanduku nimelisukuma chini ya kitanda chake. Amelala. Mtoto aliyelala hakuna anayemsumbua.